Chuo cha Gari Moja

Mkurugenzi aliliona gari kabla hajamwona mwenye gari, na aliiona faida kabla hajaliona gari vizuri. Hiyo ndiyo tofauti kati yake na watu wa kawaida kama mimi na wewe.

Alikuwa ameketi kwenye ukuta mfupi mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, viatu vinang'aa, mfuko mtupu, akisubiri riziki ipite. Ng'ambo ya barabara palikuwa na karakana ya mabati, lango wazi. Ndani, chini ya turubai lililotoboka, ilichungulia pua ya gari la zamani: taa mbili za mviringo, bampa la chuma lililopoteza mng'ao, na bodi ndefu ya aina ambayo viwanda viliacha kuitengeneza zamani. Vijana watatu walikuwa wameparamia ukuta wa karakana kulitazama. Mwanamke aliyepita umri wa makamo, amevaa ovaroli ya bluu, akatoka na nyundo mkononi.

"Shukeni! Hapa si sinema!"

Vijana wakashuka. Baada ya dakika moja wakapanda tena.

Nyuma ya Mkurugenzi, ndani ya duka, baba mmoja aliyekuja kununua misumari alikuwa akimlalamikia mwenye duka kuhusu binti yake aliyemaliza shule.

"Anasubiri matokeo. Anasubiri akiwa amelala. Akiamka anasubiri na simu."

"Bora wako analala," mwenye duka akajibu. "Pacha wangu wanasubiri wakila."

Mkurugenzi akasikia huku, akaona kule, na kichwani mwake mambo mawili yakapeana mikono.

Inafaa tuseme hapa, kwa heshima zote, kwamba cheo cha Mkurugenzi alijipa mwenyewe, tena bila usaili. Kabla ya hapo alikwisha kuwa daktari wa meno ambaye hajang'oa jino, wakala wa viwanja asiye na kiwanja, na kwa miezi minne yenye neema, mtaalamu wa visima katika mtaa wenye mabomba. Ulimi wake ungeweza kumtoa nyoka pangoni na kumwuzia pango lingine. Na katika miaka yote hiyo alikuwa na sharti moja tu la maisha: hakuwahi kuweka sahihi yake kwenye karatasi yoyote. Wenzake waliosaini walikuwa wakila kwa kengele, nyuma ya kuta ndefu. Yeye aliota jua.

Akavuka barabara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama umekuja kulinunua, haliuzwi. Kama umekuja kulipiga picha, sitaki. Kama umekuja na dini, ninayo."

"Nimekuja kuuliza kwa nini gari zuri namna hii linalala."

Mwanamke akaishusha nyundo. Mtaani walimwita Bibi Nyundo, na kwa miaka sita watu walikuwa wamemwuliza bei ya lile gari, mwaka wake, na lini ataliondoa ili panya wahame. Hilo la kulala hakuna aliyeliuliza. Kwa hiyo akaeleza. Marehemu mume wake alikuwa fundi wa injini, yeye fundi wa bodi. Gari walilinunua pamoja likiwa limekufa, wakaapa watalifufua pamoja. Mume akamaliza injini, akaipaka mafuta, akaifunga kwa shuka kuukuu stoo. Wiki mbili baadaye akafariki, kabla mke hajaanza bodi.

"Sijawahi kuisikia ikilia," akasema Bibi Nyundo. "Na peke yangu siwezi hata kuinyanyua."

"Mama, nikikuletea mikono kumi na sita?"

Akamwaga maelezo. Chuo! Vijana wanane waliomaliza shule, wanaosubiri matokeo. Asubuhi watajifunza ufundi kwa Bibi, alasiri watajifunza biashara kwake. Watalifufua gari bila Bibi kutoa hata senti. Mwisho wa miezi mitatu Bibi ana gari lake, vijana wana kazi mikononi, na wazazi wanalala usingizi.

"Na wewe unapata nini?"

"Mimi napata baraka, mama."

Bibi Nyundo alimtazama muda mrefu, namna fundi wa bodi anavyotazama rangi mpya akitafuta kutu chini yake.

"Haya," akasema. "Walete."

Alichokuwa akikiwaza Mkurugenzi ni rahisi kukieleza, na vibaya kukieleza mbele ya watoto. Ada za wazazi zingemlisha miezi mitatu. Kisha gari likishapendeza angeliuza kwa mtu asiyependa maswali, na kula kona kwenda mji mwingine ambako hakuna aliyewahi kuchimbiwa kisima naye.

Jumapili iliyofuata aliwakusanya wazazi katika ua wa duka la ujenzi, akapanda juu ya mfuko wa saruji.

"Wazazi wenzangu," akaanza, ingawa hakuwa mzazi wa mtu yeyote anayejulikana, "mtoto anayesoma hupata cheti. Mtoto anayefanya biashara hupata wateja. Mtoto atakayepita mikononi mwetu atapata vyote viwili, pamoja na grisi chini ya kucha. Na grisi hiyo, wazazi wenzangu, ndiyo mwanzo wa utu uzima!"

Wakapiga makofi. Mama mmoja akanyoosha mkono.

"Na hicho cheti kitatambuliwa?"

"Mama, cheti chetu kitatambuliwa na kila mtu atakayekiona."

Wakapiga makofi zaidi. Baba wa misumari alilipa wa kwanza.

Vijana wakaja wanane: pacha wa mwenye duka, kijana mmoja mrefu aliyeitwa Ngazi, wengine wanne wa mitaa ya jirani, na binti wa baba wa misumari, ambaye alifika siku ya kwanza akipiga miayo. Mkurugenzi alimpa huyo binti cheo cha Katibu papo hapo. Sababu ya kwanza ni kwamba alikuwa na mwandiko mzuri. Sababu ya pili ni kwamba ofisi ya vijana ilitaka kikundi kilichosajiliwa ndipo waruhusiwe kufanya kazi pale karakana, na lazima awepo mtu wa kusaini.

"Haya ndiyo mafunzo kwa vitendo," Mkurugenzi akamwambia. "Nenda na Bibi awe mlezi wa kikundi. Mimi nitabaki kulinda vifaa."

Basi kikundi kikasajiliwa. Kadi ya gari, iliyokuwa imelala kama gari lenyewe, ikahuishwa kwa jina la Bibi. Akaunti ikafunguliwa, vibali vikatoka, na katika rundo lote hilo la karatasi jina la Mkurugenzi halikuonekana hata kwa kurunzi. Alijisifu sana kwa hilo. Ada tu ndizo zilizopitia mkononi mwake, tena bila risiti, kwa kuwa risiti nazo zina mahali pa kusaini.

Bibi Nyundo alifundisha kwa maneno machache. Aliwaonyesha kutu inayoonekana na kutu inayojificha, akawapa msasa, akawaambia wamwite tena kidole chao kitakapoteleza bila kukwama. Siku ya kwanza vidole vilikwama. Siku ya tisa Ngazi aliita, Bibi akapitisha kiganja juu ya mlango, akasema "mh," na Ngazi akatembea mrefu zaidi wiki nzima. Walijifunza kunyoosha bati kwa nyundo ndogo, kulichomelea, kulijaza na kulisawazisha. Katibu, ambaye baba yake aliapa hawezi kuamka kabla ya saa nne, alianza kufika saa moja na nusu.

Karakana ile ilikuwa na utaratibu mmoja ambao Bibi hakuruhusu uguswe: mkono uliofungua kipuri ndio utakaokirudisha. Kila kijana alikuwa na vipuri vyake, na alikwenda navyo nyumbani kuvisafisha, mwingine haruhusiwi hata kuvishika. Kwa mwezi mzima lile gari liliishi katika nyumba nane. Mama mmoja alikuta karabureta kwenye sufuria. Baba wa misumari aliamka akakuta stata imelazwa juu ya gazeti kwenye meza ya chakula, na binti yake ameiinamia na mswaki. Ulikuwa mswaki wa baba.

Alasiri ikawa zamu ya Mkurugenzi. Na hapa kuna jambo ambalo hata yeye hakulitarajia: alifundisha vizuri. Alikuwa hajui kitu kingine duniani, lakini hiki alikijua mpaka kwenye mifupa.

"Mteja akikuuliza bei," alisema, akitembea mbele yao mikono nyuma, "wewe kwanza mwulize anataka kulifanyia nini. Ukijua anachokitaka, umejua bei. Na ukishaitaja bei, fanyaje?"

"Ieleze," akasema pacha mmoja.

"Ukiieleza umeishusha. Ukishaitaja, funga mdomo. Atakayesema wa kwanza ndiye atakayelipa."

Wakafanya mazoezi, wawili wawili, wakikodoleana macho. Pacha walishindwa baada ya nusu dakika, wakaangua kicheko. Katibu alinyamaza dakika kumi na moja mfululizo mbele ya Ngazi, mpaka Ngazi akaomba radhi kwa kosa ambalo hakulitenda.

Siku nyingine somo lilikuwa karatasi.

"Mdomo unasahau, karatasi haisahau. Usitoe mali yako mkononi bila sahihi ya anayeipokea, hata akiwa mjomba wako. Hasa akiwa mjomba wako."

Katibu akanyoosha mkono. "Na kama hataki kusaini mpaka asome, Mwalimu?"

"Mwanangu, watu hawasomi. Watu wanatafuta mstari wa kusaini. Wewe weka mstari mahali panapoonekana, maneno yako yaweke mahali pengine."

Katibu akaandika hilo kwenye daftari lake, akalipigia mstari mara mbili.

Katikati ya mwezi wa tatu wa mafunzo injini ikatolewa stoo, ikafunuliwa shuka, ikashushwa mahali pake kwa minyororo na kelele nyingi. Kila mkono ukarudisha ulichofungua. Rangi ilikuwa kijani kilichokolea, na bampa lilikuwa limerudi kuwa kioo. Bibi Nyundo akaketi kwenye usukani, akazungusha ufunguo. Gari likakohoa. Likakohoa tena. Kisha likashika, likanguruma kwa sauti nzito iliyotulia, na Bibi akazima ghafla, akaweka mikono yote miwili usoni, akalia mbele ya wanafunzi wake bila kuona haya. Kisha akawasha tena, akaisikiliza mpaka mafuta yakakaribia kwisha.

Mkurugenzi alikuwa amesimama nyuma, karibu na mapipa. Alifurahi. Alifurahi kabisa, furaha ya bure isiyo na faida ndani yake, na jambo hilo likamtisha sana. Ili ajitibu, alasiri ileile alikwenda kumtafuta mnunuzi.

Mwenye hoteli alikuwa na bustani kubwa ambayo maharusi walikwenda kupigia picha, na alikuwa akitafuta kitu cha kuwafanya walipe zaidi. Walikutana ofisini kwake. Mkurugenzi akatoa picha ya gari kwenye simu, akamwacha aitazame.

"Lina karatasi?" akauliza mwenye hoteli.

"Zipo, bosi. Zinashughulikiwa."

"Na ni lako?"

"Bosi, kwa bei hii unanunua gari au unanunua majibu?"

Mwenye hoteli akacheka. Alikuwa mtu mnene wa mwili na mwembamba wa dhamira, na walielewana kama ndugu. Akatoa bahasha ya kaki yenye malipo ya awali. Gari lifike Jumamosi saa sita mchana, kuna arusi.

Bahati, mara inapomkusudia mtu, haina haya. Ijumaa Bibi Nyundo akatangaza kwamba anakwenda kwa dada yake aliyevunjika mguu, atarudi Jumatatu. Mkurugenzi alifarijika kiasi kwamba alimpa Bibi pole mara tatu, na nauli juu.

Jumamosi alifika karakana saa tatu na nusu, amevaa suti. Gari lilikuwa linang'aa katikati ya sakafu. Akafungua mlango, akaketi, akanyoosha mikono, na mikono ikashika hewa.

"Usukani uko wapi?"

"Nyumbani kwangu, Mwalimu," akasema Ngazi. "Bibi jana alisema ukaguzi wa mwisho. Kila mtu kachukua kitu chake akakisafishe."

"Kila mtu?"

Kila mtu. Pacha wa kwanza alikuwa na betri, pacha wa pili ana nyaya za plagi. Katibu alikuwa na stata. Karabureta, mkanda wa feni, kifuniko cha redieta na kanyagio la klachi vilikuwa vimesambaa mitaa minne.

Mkurugenzi akajikaza, akatabasamu. Akawaambia kuna maonyesho makubwa ya magari ya zamani, kwamba chuo kimealikwa, na kwamba watu wakubwa wanangoja. Wakimbie wakalete. Walikimbia, na kwa kweli walirudi haraka mno. Lakini walipofika hawakuliendea gari. Walipanga mstari mbele ya meza, na nyuma ya meza ameketi Katibu na karatasi nane.

"Saini hapa, Mwalimu, umepokea usukani."

"Mimi? Lete usukani, acha mchezo."

"Hatutoi mali bila sahihi."

"Nani kawafundisha upuuzi huu?"

Macho kumi na sita yakamtazama.

"Wewe, Mwalimu," akasema Ngazi kwa upole.

Ilikuwa saa nne na robo. Mkurugenzi akaitazama kalamu kama mtu anayetazama dawa chungu. Miaka ishirini na tatu bila sahihi hata moja! Lakini hii ni stakabadhi ya kipuri, akajiambia, karatasi ya watoto, na leo jioni atakuwa mji mwingine. Mstari wa kusaini ulikuwa mkubwa, mweusi, umechorwa kwa rula. Akasaini. Sahihi yake ilitoka nzuri ajabu, na mkia mrefu uliojikunja mwishoni, maana alikuwa ameiweka akiba tangu ujana. Ya tatu ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Ya nane aliiongezea nukta mbili kwa furaha tu.

Mtu ambaye hajawahi kusaini ana upungufu mmoja asioujua: hana mazoea ya kusoma anachokisaini.

Kila mkono ukarudisha kipuri chake. Gari likanguruma mara ya kwanza tu lilipowashwa. Mkurugenzi akawapungia, akatoka langoni taratibu, na akaingia barabarani akiwa mfalme.

Angepita njia ya mkato, angefika kwa dakika saba. Lakini watu walikuwa wakisimama! Muuza nguo alibaki na shati hewani. Polisi wa barabarani alisimamisha magari mengine ili alitazame hili, na Mkurugenzi, ambaye kwa desturi alikuwa akivuka barabara amwonapo polisi, alimpigia honi. Akazunguka soko. Akazunguka tena, kwa sababu upande wa pili hawakuwa wamemwona vizuri.

Alipoingia kwenye lango la hoteli saa sita kasoro tano, roho ilimruka. Kwenye baraza, kwenye viti vya wageni, ameketi Bibi Nyundo na kikombe cha chai. Pembeni yake Katibu, na faili mapajani. Mwenye hoteli alikuwa amesimama kati yao, uso umemshuka.

"Karibu, Mwalimu," akasema Katibu. "Tumekuja na pikipiki. Tulikuona ukizunguka soko."

"Dada yako vipi, mama?" Mkurugenzi akauliza, kwa sababu mdomo wake ulikuwa na mazoea ya kusema hata kichwa kikiwa kimesimama.

"Mguu umepona ghafla. Kaa."

Akakaa. Bibi Nyundo akaeleza bila kupandisha sauti. Huyu bwana mwenye hoteli, baada ya kupatana bei na Mkurugenzi, alikosa usingizi. Alijiuliza kwa nini amlipe dalali wakati mwenye gari yupo. Alhamisi akaja karakana kwa siri, kumshawishi Bibi amwuzie yeye moja kwa moja, kwa nusu ya bei waliyopatana.

"Ndipo nikajua kwamba gari langu limeshauzwa," akasema Bibi. "Kwa nusu bei na kwa bei nzima, yote wiki moja."

Mwenye hoteli akaanza kutazama maua ya bustani yake kana kwamba hajawahi kuyaona.

"Bosi," Mkurugenzi akasema haraka, "hapa pana kutoelewana kidogo. Mimi kama mmiliki wa—"

Katibu akafungua faili, akapanga karatasi nane mezani, moja moja. Na hapo, kwa mara ya kwanza, Mkurugenzi akazisoma. Maneno yalikuwa mbali na mstari wa kusaini, juu kabisa, kwa mwandiko mdogo mzuri: *Mimi niliyesaini hapa chini, dereva wa Kikundi kwa miezi sita, nimepokea kipuri hiki cha gari la Bibi ili nilifikishe gari hilo kwa mteja wa Kikundi. Fedha yoyote niliyokwisha kuipokea kwa mteja huyo, nimeipokea kwa niaba ya Kikundi.*

"Mara nane," akasema Katibu. "Mbele ya mashahidi nane."

Mkurugenzi akaugusa mkia wa sahihi yake kwa kidole. Alikuwa amepigwa changa la macho na watoto aliowafundisha kulikusanya changa lenyewe. Aliona aibu, aibu ya kweli, iliyopanda mpaka masikioni, na ndani ya aibu hiyo kulikuwa na kitu kingine ambacho hakutaka kukiangalia.

"Basi bahasha yangu nirudishiwe," akasema mwenye hoteli, akipata nguvu. "Mimi nimetapeliwa!"

"Pole sana, mzee," akasema Katibu. "Ulitoa kwa ajili ya nini?"

Mwenye hoteli akataka kujibu. Akamtazama Bibi Nyundo. Akatazama wageni wa arusi waliokuwa wakipita na suti zao karibu na baraza. Kusema kwamba alinunua gari la mwanamke huyu kwa mtu mwingine, huku akijua, kungehitaji sauti ya chini sana.

"Unataka kulifanyia nini?" Katibu akauliza taratibu.

"Si maharusi! Wapige picha. Watembee kidogo."

"Gari haliuzwi. Tunakukodisha, kila Jumamosi, na dereva wake. Uliyotanguliza tunayahesabu kwenye miezi miwili ya mwanzo. Baada ya hapo ni hivi." Akasukuma mbele kipande cha karatasi chenye bei.

Kisha akafunga mdomo.

Mwenye hoteli akaisoma bei, akaguna. Katibu alimtazama tu. Upepo ukapita kwenye vitambaa vya meza. Mwenye hoteli akatoa leso, akafuta shingo, akakunja leso, akakunjua. Mkurugenzi alikuwa akihesabu kimoyomoyo: dakika moja, moja na nusu, mbili. Hapo mwenye hoteli akamgeukia yeye kwa macho ya kuomba, ya mtu mzima kwa mtu mzima, awaambie hawa watoto kitu. Neno moja tu lingetosha. Lingekivunja kile kimya, bei ingeshuka, na katika vurugu pengine na yeye angepata upenyo wa kuchapa lapa na bahasha.

Aliona kidole gumba cha Katibu kikikwangua ukingo wa faili. Na akajikuta amebana midomo yake mwenyewe kwa nguvu zote, kama mzazi uwanjani.

"Haya, haya!" mwenye hoteli akalipuka. "Jumamosi ngapi kwa mwezi?"

"Nne," akasema Katibu. "Mwezi mwingine tano. Saini hapa. Soma kwanza, mzee."

Mkurugenzi alitabasamu kabla hajaweza kujizuia. Kisha akakumbuka ni ya nani ile bahasha waliyokuwa wakiizungumzia, akaitoa mfuko wa ndani wa suti, akaiweka mezani. Katibu akamwandikia risiti.

"Kwa nini hamkuita polisi?" akamwuliza Bibi Nyundo kwa sauti ndogo.

"Watakufunga," akasema Bibi, "na kuna wazazi wengine kumi na wanne wameniuliza chuo kinafungua lini tena. Ufundi nitawafundisha mimi. Huo mdomo sina." Akanywa chai. "Na ada za hawa wanane utazirudisha kidogo kidogo. Kwenye mshahara wa udereva."

"Mshahara ni kiasi gani?"

"Soma karatasi yako. Nyuma."

Hakupata nafasi. Bwana na bibi arusi walikuwa wameshafika na shangwe, shela imeshikwa na wasichana wanne. Mtu akamvisha Mkurugenzi kofia ya udereva ambayo ilimbana. Akawafungulia mlango, akainamisha kichwa, wakaingia. Katibu akaketi mbele, kiti cha abiria, faili mapajani.

Walitoka langoni wakipigiwa vigelegele. Huko nyuma maharusi walikuwa na shughuli zao. Mbele, barabara ilinyooka mpaka kwenye mzunguko: kushoto ni kurudi hotelini kwa kuzunguka bustani, kulia ni barabara kuu ya kwenda nje ya mji, pana, tupu, inayometameta kwa jua. Injini ya marehemu ilikuwa inaimba. Mkurugenzi alikaza usukani. Maharusi angewashusha mahali penye kivuli. Binti angempa nauli. Kwa saa tatu angekuwa mahali ambapo hakuna anayemjua, na gari la kijani ambalo kila mtu duniani angelitaka.

Akapunguza mwendo kwenye mzunguko. Akatupa jicho kwenye dashibodi, kwa mazoea tu ya mtu anayepanga safari.

Mshale wa mafuta ulikuwa umelala chini kabisa.

Akamtazama Katibu. Katibu alikuwa akitazama mbele, ametulia.

"Niliweka lita nne, Mwalimu. Za kuja, kuwazungusha, na kurudi," akasema. "Ulipozunguka soko mara ya pili nilipata hofu kweli."

Mkurugenzi akawasha taa ya kushoto, akakata kona.